Ukanda wa utabiri: fomula, butstrapu, Bayes au konfomali?

Utabiri wa namba moja haujakamilika. Mtu akisema mwakani kituo kitahitaji maboksi 4,000 ya dawa, bila kueleza kama anamaanisha kati ya 3,900 na 4,100 au kati ya 2,000 na 6,000, hajamsaidia sana anayeagiza. Mwenye ghala, mpangaji wa bajeti na mhandisi wa bwawa hawaamui kwa namba ya katikati. Wanaamua kwa kingo: hali ikiwa mbaya itafika wapi, ikiwa nzuri itafika wapi, na tuitegemee kwa kiasi gani.

Nafasi iliyo kati ya kingo hizo ndiyo ukanda wa utabiri. Tatizo ni kwamba njia za kupata kingo hizo ni nyingi na michoro yake hufanana: mstari katikati, kivuli juu na chini. Ukitumia R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, amri moja inakupa "asilimia 80" na "asilimia 95", lakini haikuambii kwamba asilimia 95 ya njia moja inaahidi kitu tofauti na asilimia 95 ya njia nyingine. Wanafunzi na wachambuzi wengi wanaokwama hapa hukwama kwa sababu hiyo, wala si kwa ugumu wa hesabu.

Nitalinganisha njia nne zinazotumika zaidi, na nitatumia data moja tangu mwanzo hadi mwisho: maji ya Mto Nile yaliyopita Aswan kila mwaka, kuanzia 1871 hadi 1970. Ni namba 100, zimo ndani ya R kwa jina la Nile, kwa hiyo kila hesabu utakayoiona hapa unaweza kuirudia mwenyewe. Mto huu una uhusiano na kwetu pia, maana sehemu ya maji yake hutoka Ziwa Victoria, ingawa mengi zaidi hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Kipimo ni bilioni za mita za ujazo kwa mwaka. Mwaka wa maji mengi kuliko yote ni 1879, bilioni 137.0, wa maji machache kuliko yote ni 1913, bilioni 45.6.

Mashaka yanatoka wapi

Kabla ya kuchagua njia, jua unachotaka kupima. Utabiri hukosea kwa sababu nne.

Ya kwanza ni bahati ya mwaka wenyewe. Hata ungeijua modeli ya kweli, yaani kanuni ya hesabu inayozalisha data, mvua ya mwakani ingekuja na yake. Ya pili ni parameta: wastani, mwelekeo na nguvu ya msimu umevikadiria kwa data chache, na makadirio yana makosa. Ya tatu ni modeli: umechagua ARIMA hii (modeli inayotabiri kwa thamani na makosa ya nyuma) ukaiacha ile, na huenda zote mbili hazifai. Ya nne ni kwamba dunia yenyewe hubadilika. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 baada ya mvua kubwa. Ungepekua data za miaka ya 1950 mpaka uchoke, usingelikuta jambo hilo humo.

Njia zote nne zinahesabu sababu ya kwanza. Zinaachana kuanzia ya pili.

Maswali nitakayoiuliza kila njia

Inahesabu nini na inaacha nini? Inadai nini kutoka kwa data na kwako? Inavunjikia wapi? Inamfaa nani? Kasi ya kompyuta nitaigusa pale tu inapobadilisha uamuzi, kwa sababu kwa mfululizo mmoja wa namba mia au elfu, kompyuta ya kawaida inamudu njia zote.

1. Fomula ya modeli yenyewe

*Inachohesabu.* Hii ndiyo inayotoka kwenye programu usipochagua kitu. ARIMA, ulainishaji wa kieksponenshali (wastani unaozipa data za karibuni uzito zaidi) na jamaa zake zina fomula ya mtawanyiko wa kosa la utabiri. Unachukua utabiri, unajumlisha na kutoa mara 1.96 ya mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha mtawanyiko), unapata ukanda wa asilimia 95. Kwa kawaida sababu ya kwanza tu ndiyo imo. Maelezo ya amri ya kutabiri kwa arima katika R (predict.Arima) yanasema wazi kwamba makosa ya kukadiria parameta hayakuhesabiwa, lakini ni wachache wanaosoma maelezo mpaka huko.

Kwa Nile, modeli nyepesi inayofaa ni ile inayosema mto una kiwango kisichoonekana kinachosogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na juu yake kuna kelele za mwaka husika. Ukiikadiria kwa miaka yote 100, mtawanyiko wa kelele ni 15,099 na wa kusogea kwa kiwango ni 1,469, kwa kipimo cha mita za ujazo milioni 100 kilichomo ndani ya data. Kutokana na namba hizo mbili, utabiri wa 1971 unakuwa bilioni 79.8 na ukanda wa asilimia 95 unaanzia 51.7 hadi 108.0. Ukitabiri 1980, katikati panabaki pale pale lakini ukanda unapanuka hadi 43.8 na 115.9. Huo upana unaoongezeka ndio faida kubwa ya fomula: inaonyesha bila gharama yoyote jinsi ujuzi wetu unavyopungua kadiri tunavyotazama mbali.

*Inachodai.* Mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya data na kile modeli ilichokadiria, yawe na sura ya kengele (mengi karibu na sifuri, machache mbali), yasifuatane kwa mtindo, na mtawanyiko wake usibadilike. Data ambazo hupanuka kadiri zinavyokua, kama mauzo au idadi ya abiria, zigeuzwe kwanza kuwa logi (logariti). Ukanda ukirudishwa kwenye kipimo cha kawaida utakuwa mpana juu kuliko chini, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa.

*Inakovunjikia.* Hapa nataka tukae kidogo. Chukua mtabiri aliyesimama mwisho wa mwaka 1898. Ana miaka 28 ya data, wastani ni bilioni 109.8 na mkengeuko sanifu ni 13.5. Mwelekeo wa kupanda au kushuka hauonekani, kwa hiyo modeli ya wastani usiobadilika ni chaguo la busara. Tumpe hata nafasi ya ziada: atumie mgawanyo wa t (unaotoa ukanda mpana kidogo data zikiwa chache) badala ya 1.96 na ahesabu kosa la kukadiria wastani. Ukanda wake wa asilimia 95 unakuwa 81.6 hadi 138.0.

Sasa tupitie miaka 72 iliyofuata. Mwaka 1899 ulileta 77.4, nje. Mwaka 1902 ulileta 69.4, nje. Mwaka 1905 nje, 1907 nje. Kufikia 1970, miaka 28 kati ya 72 ilikuwa imeanguka chini ya ukanda, na hakuna hata mmoja uliopita juu yake. Ukanda ulioahidi asilimia 95 ulifunika asilimia 61. Mtabiri wetu hakukosea hesabu yoyote. Wastani wa mto ulishuka hadi bilioni 85.0 kuanzia 1899, na fomula yake haikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo. (Wapo wanaolihusisha na bwawa la kwanza la Aswan lililojengwa kati ya 1899 na 1902, wapo wanaoona ni mvua zilizopungua huko juu, kwa hoja yetu hapa, vyovyote ilivyokuwa, namba zilihama.)

Kesi ya Nile ni kali, lakini kasoro yenyewe ni ya kawaida. Mtakwimu Rob Hyndman na wenzake waliripoti mwaka 2002 kwamba kanda za asilimia 95 za modeli za ulainishaji, zilipojaribiwa kwenye data za mashindano ya utabiri, zilifunika kati ya asilimia 71 na 87 tu. Kanda za fomula huwa nyembamba kuliko zinavyodai. Ichukulie hiyo kama kanuni mpaka data zako zikuonyeshe vingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye mifululizo mingi na muda mfupi, anayetabiri hatua chache mbele, na ambaye mabaki yake ameyachora akayaona yametulia. Inamfaa pia anayeanza: ukanda wa fomula ndio kipimo ambacho njia nyingine zote lazima zikishinde.

2. Butstrapu ya mabaki

*Inachohesabu.* Mtakwimu Bradley Efron aliitambulisha butstrapu mwaka 1979, na wazo lake katika utabiri ni rahisi: usidhani mabaki yana sura ya kengele, yatumie yenyewe. Chukua mabaki ya modeli, okota moja kwa bahati nasibu, liongeze kwenye utabiri wa mwaka wa kwanza. Okota jingine kwa mwaka wa pili, na kuendelea. Umepata mustakabali mmoja unaowezekana. Rudia mara 5,000 kisha tazama mahali ambapo asilimia 95 ya mistari hiyo imepita. Mwaka kama 1913 unaingia kwenye ukanda kwa ukubwa wake halisi, bila kulainishwa na fomula. Ukitaka sababu ya pili nayo ihesabiwe, ikadirie modeli upya kwenye kila mfululizo wa bandia. Kazi inaongezeka lakini inawezekana.

Kuna faida moja ambayo naiona kubwa kuliko hiyo ya kengele, na haitajwi sana. Butstrapu inakupa njia nzima, si kingo za mwaka mmoja mmoja. Tuseme mhandisi hajali 1971 pekee. Anataka jumla ya maji ya miaka mitatu, 1971 hadi 1973, kwa sababu bwawa linajaa kwa jumla. Katikati ni bilioni 239.5. Lakini ukanda wa jumla ni upi? Wengi hujumlisha kingo za kila mwaka, wakapata 87.3 juu na chini ya katikati. Wengine hudhani miaka haina uhusiano, wakapata 50.4. Kwa modeli ya kiwango kinachosogea, jibu sahihi ni 62.6. Kujumlisha kingo kunatisha bure, kwa sababu ni nadra miaka mitatu yote kuwa mibaya kabisa kwa pamoja. Kudhani miaka haihusiani kunatuliza bure, kwa sababu kiwango cha mto kikiwa chini mwaka huu, huenda kikawa chini mwakani pia. Ukiwa na mistari 5,000, unajumlisha miaka mitatu ndani ya kila mstari na jibu linajileta lenyewe.

*Inachodai.* Mabaki ya kutosha, na yasiyofuatana. Ukiwa na mabaki 25, mkia wa asilimia 2.5 umejengwa kwa namba moja, na hapo unajidanganya. Ikiwa mabaki yanafuatana, okota kwa vipande vya miaka kadhaa badala ya moja moja.

*Inakovunjikia.* Pale pale kwenye 1899. Butstrapu huokota yaliyokwisha kutokea. Kama historia yako haina mwaka mbaya, ukanda wako nao hautakuwa nao.

*Inamfaa nani.* Mwenye data zenye mikia mirefu au zilizoegemea upande mmoja, na yeyote ambaye uamuzi wake unategemea jumla, kilele au idadi ya miezi ya upungufu mfululizo.

3. Bayes

*Inachohesabu.* Hapa parameta zenyewe hazina thamani moja; zina mgawanyo, yaani thamani nyingi zinazowezekana, kila moja na uzito wake. Tazama ile 1,469 ya kusogea kwa kiwango cha Nile. Namba 100 hazitoshi kuikadiria vizuri: ukiipunguza sana au kuiongeza sana, modeli bado inaafikiana na data kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini ndiyo inayoamua upana wa ukanda wa 1980. Fomula inachagua thamani moja na kuisahau nyingine. Bayes inapita kwenye thamani zote zinazowezekana, kila moja kwa uzito wake, na ukanda unaotoka una sababu ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Ukichanganya modeli kadhaa kwa uzito, unagusa na ya tatu. Kama butstrapu, inatoa njia nzima, kwa hiyo hesabu ya miaka mitatu nayo inapatikana.

*Inachodai.* Uandike unachokijua kabla ya kuona data. Watu wengi wanaogopa sehemu hii, ila kwa mtazamo wangu ndiyo yenye thamani zaidi kwa data zetu fupi. Zahanati mpya ina miezi 14 ya kumbukumbu. Zahanati jirani zina miaka kumi. Bayes inakuruhusu kuazima nguvu ya msimu kutoka kwa majirani bila kudai kwamba zahanati zote ni sawa. Unaweza pia kuiambia modeli kwamba mto hauwezi kuwa na maji hasi, au kwamba kiwango kinaweza kuruka ghafla mara chache katika karne. Hiyo kauli ya mwisho, kama mtabiri wa 1898 angeiandika, ingempanulia ukanda.

Inadai pia muda wa kompyuta na jicho la kukagua kama minyororo ya uigaji (mifuatano ya thamani ambazo kompyuta huziokota kwa bahati nasibu) imetulia. Kwa mfululizo mmoja ni sekunde au dakika. Kwa mifululizo 40,000 ya bidhaa za duka kubwa, ni mjadala mwingine.

*Inakovunjikia.* Imani ya mwanzo iliyoandikwa kwa uzembe, hasa data zinapokuwa chache, inaweza kuuamua ukanda wote. Na kuna mtego wa jina. Prophet, programu ya utabiri iliyotolewa na Facebook mwaka 2017, imejengwa juu ya injini ya Bayes, na wengi wanadhani ukanda wake ni wa Bayes kamili. Usipobadilisha mipangilio, inahesabu mashaka ya mwelekeo na kelele tu. Ya msimu hayamo mpaka uombe uigaji kamili. Tena ukanda wake wa kawaida ni wa asilimia 80, si 95. Nimeona michoro ya aina hiyo ikiwekwa kando ya michoro ya ARIMA ya asilimia 95 kana kwamba kivuli ni kile kile.

*Inamfaa nani.* Mwenye data fupi lakini ujuzi mwingi wa jambo lenyewe, au mwenye makundi ya mifululizo inayofanana. Inamfaa pia anayeweza kutetea mbele ya wakubwa wake kila dhana aliyoiweka.

4. Konfomali

*Inachohesabu.* Njia hii, iliyoanzishwa na Vladimir Vovk na wenzake, haiulizi modeli yako imejengwaje. Inauliza imekosea kiasi gani huko nyuma, kwenye data ambazo haikuzitumia kujifunza. Makosa hayo ndiyo ukanda. Kwa kuwa kosa halisi linabeba sababu zote zilizolizaa, sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu zimo bila kuzitaja.

Tufanye kwa mkono. Chukua utabiri duni kuliko wote: mwakani itakuwa kama mwaka huu. Andika makosa 19 ya mwisho, yaani tofauti za mwaka hadi mwaka kuanzia 1952 hadi 1970, bila alama ya hasi. Kubwa kuliko yote ni bilioni 26.9, la mwaka 1964, mto ulipofika 117.0 kutoka 90.1. Linalofuata ni 25.8. Kwa ukanda wa asilimia 95 kanuni inasema uyapange kutoka dogo hadi kubwa, uchukue kosa la nafasi ya 19 kati ya 19, yaani lile kubwa. Mwaka 1970 ulileta 74.0, hivyo ukanda wa 1971 ni 47.1 hadi 100.9. Kwa asilimia 80 unachukua la nafasi ya 16, ambalo ni 20.5, unapata 53.5 hadi 94.5. Hesabu nzima inafanyika kwenye Excel.

Ukilinganisha na fomula ya kwanza, 51.7 hadi 108.0, upana unakaribiana: 53.8 na 56.3. Kwa utabiri wa kijinga kiasi hicho, matokeo ni ya kuheshimika.

*Inachodai.* Makosa yasiyopungua 19 kwa asilimia 95. Yakiwa 18 kanuni haina jibu lenye kikomo. Na yawe makosa ya hatua ile ile unayotabiri: ukitaka ukanda wa miezi sita mbele, kusanya makosa ya miezi sita mbele. Data fupi huisha haraka hapo.

*Inakovunjikia.* Ahadi yake ya kihisabati inasimama pale ambapo mpangilio wa makosa hauna maana, yaani ungeyachanganya kama karata na kusiwe na tofauti. Mfululizo wa wakati mara nyingi hauko hivyo. Mwaka 2021 Isaac Gibbs na Emmanuel Candès walipendekeza tiba: ukanda ukikosa, upanue unaofuata, ukipata, upunguze kidogo. Kwa muda mrefu asilimia inarudi mahali pake hata dunia ikihama. Mtabiri wa Aswan angepigwa mwaka 1899, angepigwa tena 1902, lakini kwa kurekebisha hivyo asingeendelea kupigwa miaka 28. Bado zingatia neno "muda mrefu": ahadi ni ya wastani wa miaka mingi, haisemi chochote kuhusu mwaka huu hasa.

*Inamfaa nani.* Anayetumia modeli isiyo na fomula, kama misitu ya maamuzi au mitandao ya neva (modeli za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutoka kwa data). Anayetabiri kila siku na kupata majibu kila siku. Na anayehitaji ahadi ya asilimia isiyotegemea kuamini modeli.

Na kwantili?

Njia ya kukadiria kwantili (thamani ambayo asilimia fulani ya matokeo huwa chini yake) moja kwa moja, iliyotokana na kazi ya Roger Koenker na Gilbert Bassett ya 1978, ni jamaa wa karibu. Badala ya kutabiri katikati kisha kujenga ukanda, unatabiri ukingo wenyewe. Inang'aa pale ambapo upana hutegemea hali, kama umeme unaoyumba zaidi siku za joto. Inahitaji data nyingi, na mara nyingine kingo zake hupishana, ukingo wa asilimia 90 ukawa chini ya ule wa asilimia 80. Siku hizi wengi huifunga pamoja na konfomali, na muungano huo unafanya kazi vizuri.

Utajuaje ukanda wako ni wa kweli?

Hapa ndipo ninapoomba usimame, njia yoyote uliyochagua. Ficha sehemu ya mwisho ya data, tabiri hatua kwa hatua kana kwamba huijui, kisha hesabu ni mara ngapi ukweli uliangukia ndani.

Asilimia ya kufunika peke yake haitoshi. Ukanda wa sifuri hadi bilioni 1,000 unafunika Nile daima na hausaidii mtu. Alama aliyoipendekeza Robert Winkler mwaka 1972 inapima vyote viwili: unahesabu upana wa ukanda, na ukweli ukitoka nje unaongeza faini. Kwa asilimia 95 faini ni mara 40 ya umbali uliokosewa; kwa asilimia 80 ni mara 10. Ule ukanda wa 1898 ulikuwa na upana wa 56.4. Kwa mwaka 1913, uliokuwa 36.0 chini ya ukingo, alama inapanda hadi karibu 1,496. Alama ndogo ni bora. Mashindano ya utabiri ya M4 ya mwaka 2018, yaliyokuwa na mifululizo 100,000, yalitumia aina ya alama hii kuhukumu kanda.

Na usihukumu kwa majaribio machache. Kwa majaribio 20, ukanda ambao kwa kweli unafunika asilimia 85 tu utaonekana safi, ukikosa mara moja au usikose kabisa, karibu mara moja katika kila sita. Kama mfululizo wako ni mfupi, jaribu njia hiyo hiyo kwenye mifululizo jirani uongeze hesabu.

Kwa hali yako

Una mfululizo mmoja wa kila mwezi, miaka mitano au zaidi, na unatabiri miezi michache kwa ripoti ya ndani: anza na fomula, chora mabaki, na uandike kwenye ripoti ukanda ulifunika asilimia ngapi kwenye majaribio. Ukiona asilimia 95 yako inafunika 85, sema hivyo hivyo.

Uamuzi wako ni wa jumla au wa kilele, kama akiba ya nafaka kwa msimu mzima au uwezo wa kituo cha umeme: butstrapu au Bayes, kwa sababu unahitaji njia nzima. Usijumlishe kingo.

Data ni chini ya miaka mitatu lakini kuna wataalamu na data za jirani: Bayes. Kaa na wataalamu hao kabla ya kuandika mstari wa msimbo wa kompyuta, na waonyeshe mistari ya uigaji wakuambie ipi haiwezekani.

Unatabiri kila siku kwa modeli nzito ya kompyuta, kwa mfano mahitaji ya bidhaa au miamala ya simu: konfomali ile inayojirekebisha, na makosa ya kila hatua yahifadhiwe kando.

Kukosa kwa upande mmoja kunaua na kwa upande mwingine kunagharimu kidogo tu, kama damu hospitalini: achana na ukanda wa pande mbili. Tabiri ukingo mmoja, wa asilimia 95 au 99, kwa kwantili au kwa mistari ya uigaji.

Na kama una habari kwamba kitu kimebadilika, bwawa linajengwa, kodi mpya imepitishwa, barabara imefungwa, usitegemee njia yoyote kati ya hizi ikuonyeshe peke yake. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, mwaka wa mwisho wa data yetu, na hakuna namba kati ya zile 100 inayolitaja. Andaa utabiri mbili tatu kwa hali tofauti, kila mmoja na ukanda wake, na umweleze anayeamua kwamba kuchagua kati ya hali hizo ni kazi ya ujuzi wa mahali, data za zamani haziwezi kumfanyia.